Kitabu cha Ubatizo na Mifupa ya Mpwa Wangu

Mimi ni karani wa parokia huku mpakani Tunduma. Kazi yangu ni kupokea watu ofisini, kuandika hesabu za sadaka, kutunza funguo, na zaidi ya yote kuandika vitabu: kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha marehemu. Watu wengi huniita Mwalimu, kwa kuwa nilisoma chuo cha ualimu, ingawa darasani sikukaa muda mrefu. Leo nataka kuwasimulia jambo lililotupata mimi na dada yangu kwa sababu ya kitabu hicho cha ubatizo. Nadhani laweza kuwafaa wazazi wengi wenye watoto wanaokua.

Kila mwaka wako watu wanaokuja kwangu na ombi moja. Hawaji asubuhi. Huja jioni, wenzao wakiisha kuondoka, huketi, hunisalimu mara mbili, ndipo husema: "Mwalimu, ile tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, haiwezi kutengenezwa kidogo?" Mmoja ataka binti yake aongezewe miaka miwili, maana mchumba amekwisha kuja na ng'ombe wako njiani. Mwingine ataka kijana wake apunguziwe miaka, apate nafasi fulani. Wote nimewajibu jibu moja, kwamba kilichoandikwa katika kitabu hiki hakigeuzwi. Nilijibu hivyo bila taabu, kwa sababu hawakuwa ndugu zangu.

Mwezi wa Juni mwaka 2024 alikuja dada yangu.

Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka sita. Anakaa kijijini Mbozi, katikati ya mashamba ya kahawa na mahindi. Alikuja pamoja na mwanawe wa kwanza, mpwa wangu. Kijana huyu mwili wake ni mdogo, lakini ni hodari wa mpira. Mpira ukimfikia mguuni, huutoi. Bwana mmoja anayezunguka vijijini kutafuta vijana wenye kipawa alimwona akicheza, akamsifu sana, akauliza umri wake. Alipoambiwa miaka 15 alitikisa kichwa. Alisema kwamba angalikuwa na miaka 13 angemchukua katika kundi la wadogo, apate muda wa kutosha wa kufundishwa. Kisha akaongeza, "Na mwili wake ni wa miaka 13. Nani atajua?"

Dada akaniambia, "Mdogo wangu, ni tarakimu mbili tu. Pale penye 2009 paandikwe 2011. Mtoto apate riziki yake."

Nikafungua kitabu. Palikuwa pameandikwa wazi, kwa mkono wa karani aliyenitangulia: amezaliwa tarehe 3 Machi 2009, amebatizwa tarehe 3 Mei 2009. Siku ile mimi mwenyewe nilikuwapo kanisani. Nilikuwa kijana, nimesimama nyuma ya dada, nimeshika mwavuli wake.

Nikamwambia dada siwezi. Tena nikataka kumshinda kwa elimu. Nikamweleza kwamba siku hizi watu wa mpira hawatazami vyeti peke yake. Tangu mwaka 2009, katika mashindano ya dunia ya vijana wasiozidi miaka 17 yaliyochezwa Nigeria, FIFA ilianza kupima vifundo vya mikono ya wachezaji kwa mashine iitwayo MRI. Mashine hiyo hutumia nguvu ya sumaku kutazama mifupa ndani ya mwili. Nikamkumbusha habari ya timu yetu wenyewe, Serengeti Boys. Ilikuwa imekwisha kutolewa na Kongo-Brazzaville katika kuwania kwenda mashindano ya Afrika. Tanzania ikalalamika juu ya umri wa mchezaji mmoja wa Kongo. Wakubwa wa mpira wa Afrika wakataka apelekwe akapimwe kwa MRI. Hakupelekwa. Kongo ikaondolewa, na vijana wetu wakaenda Gabon mwezi wa Mei mwaka 2017 badala yao.

"Basi, dada," nikasema, "kitabu chaweza kudanganywa, lakini mifupa haidanganywi."

Dada akaondoka bila kunywa chai. Kwa desturi zetu mwajua maana yake.

Haikupita wiki tatu, kijana akaanguka uwanjani akaumia mkono wa kushoto. Ulivimba kwenye kifundo. Dada akanipigia simu, maana baba yake kijana yuko safarini na malori upande wa Zambia, nami nikafuatana nao hospitali. Wakampiga picha ya eksirei. Daktari, kijana mpole, aliitazama ile picha muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Akasema, "Mfupa haukuvunjika, namshukuru Mungu. Ni mshtuko tu. Lakini kijana ana miaka mingapi?"

Nikajibu haraka mimi mwenye kitabu, "Miaka 15 na miezi minne."

Daktari akasema, "Mifupa yake ni kama ya mtoto wa miaka 13 hivi."

Dada akanigeukia. Hakusema neno, wala hapakuwa na haja ya kusema. Nami sikujua niangalie wapi. Nilikuwa nimemwambia kwamba mifupa haidanganyi. Sasa mifupa imesema 13, yaani neno lile lile nililokataa kuliandika.

Nikamwomba daktari atueleze. Kwa kuwa siku hiyo wagonjwa hawakuwa wengi, akatuwekea picha mbele ya mwanga akatufundisha. Nami nawapa ninyi kama nilivyopata kwake na kama nilivyosoma baadaye.

Mtoto mchanga azaliwapo, sehemu kubwa ya mifupa yake bado ni gegedu, yaani kitu laini kama kile tutafunacho kwenye kidari cha kuku. Kidogo kidogo gegedu hilo hugeuka kuwa mfupa mgumu. Kifundo cha mkono kina vifupa vinane. Siku ya kuzaliwa havionekani kwenye picha hata kimoja. Viwili hujitokeza katika miezi michache ya kwanza, vingine hufuata kimoja kimoja mwaka baada ya mwaka, na cha mwisho huonekana mtoto akiwa na miaka 10 hivi. Halafu kwa wavulana, yapata miaka 13, hutokea kifupa kimoja kidogo karibu na kidole gumba, kama punje ya ulezi. Daktari akatuonyesha kidoleni mwa mpwa wangu. Kifupa kile kilikuwa ndipo kinaanza kuonekana.

Tena karibu na ncha za mifupa mirefu mna mstari wa gegedu. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Maadamu mstari huo uko wazi, mtoto hukua. Ukifunga, kurefuka kumekwisha, wala hakuna chakula wala dawa itakayoufungua. Kwa wavulana, mstari wa kifundo cha mkono hufunga kati ya miaka 17 na 19 hivi, na wasichana hutangulia kwa mwaka mmoja au miwili. Ndiyo sababu watu wa mpira hutazama mahali hapo. Wakiona mstari umefunga kabisa, wanajua ya kuwa yamkini huyu amepita miaka 17.

Lakini, akasema daktari, watu wasikosee hapa. Mstari uliofunga waweza kumshtaki mtu mzima anayejifanya mtoto, ila mstari ulio wazi haumthibitishi mtu kuwa mtoto. Kijana aliyechelewa kukua aweza kupita miaka 17 na mstari wake bado uko wazi.

Nikaelewa mara moja. Mpwa wangu angalipimwa kwa mashine yoyote, angalipita. Uongo wetu usingalijulikana daima. Kitu cha kuuzuia kilikuwa kimoja tu, yule mwenye kalamu.

Dada akauliza, "Sasa daktari, kama mifupa ni ya miaka 13, kwa nini isiandikwe 13?"

Daktari hakucheka. Akajibu kwa heshima, "Mama, picha hii haisemi mtoto amezaliwa lini. Yasema amekua kiasi gani. Hayo ni mambo mawili."

Akatueleza kwamba madaktari wengi hulinganisha picha ya mkono wa kushoto na kitabu cha picha kilichotungwa na Greulich na Pyle, kikatolewa Marekani mwaka 1950, na tena mwaka 1959. Picha zake zilipigwa kwa watoto wa mji wa Cleveland katika miaka ya 1930 na mwanzo wa 1940, watoto wa jamii zilizojiweza, walioshiba. Daktari akimpima mtoto wa Mbozi, kwa kweli anauliza, je, mifupa hii inalingana na ya mtoto yupi wa Cleveland? Huko Malawi, ng'ambo tu ya mto kutoka Ileje, mwaka 2002 madaktari walitoa taarifa ya watoto na vijana zaidi ya mia moja waliopimwa kwa kitabu hicho, nao umri wao ulijulikana. Wengi sana mifupa yao ilikuwa nyuma ya umri wao, kwa wastani zaidi ya mwaka mmoja. Hawakudanganya umri, bali walichelewa kukua. Na sababu kubwa za kuchelewa ni chakula kisichotosha na magonjwa ya mara kwa mara, ingawa wako pia watoto wanaochelewa kwa asili ya ukoo.

Kisha daktari akamwuliza dada maswali. Mtoto alizaliwa na uzito gani? Alinyonya mpaka lini? Alikuwa akiugua? Alikuwa akila nini? Dada ni mtunzaji wa vitu, akatoa mkobani kadi ya kliniki ya mtoto, imekunjwa na kuchakaa. Alama za uzito zilipanda vizuri mpaka miezi tisa, siku ya chanjo ya surua. Baada ya hapo kadi ilikuwa tupu.

"Hamkurudi tena?" akauliza daktari.

"Chanjo zilikuwa zimekwisha," akajibu dada. "Na mimi nilianza biashara Tunduma. Mtoto alibaki na bibi yake. Alikuwa akila uji wa mahindi, na ugali na mboga. Maziwa tulikuwa nayo mwanzoni. Ng'ombe tulimwuza mwaka 2010, mjomba wake alipokwenda chuo."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja mwezi wa mavuno. Hakunitazama wala hakunilaumu. Lakini, ndugu wasomaji, mimi niliyekuwa nimesimama pale nilijisikia miguu imekuwa mizito. Nilijua kwamba ada yangu ililipwa na dada. Sikujua ng'ombe yule alikuwa ndiye mwenye kumnywesha mtoto, wala sikupata kuuliza. Mwaka 2010 nilikuwa nikisoma darasani somo la makuzi ya mtoto, na mtoto wa dada yangu alikuwa akinywa uji mtupu ili nipate kulisoma.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimejivuna kwamba mimi ni mwenye kutunza kitabu cha kweli. Kumbe palikuwa na kitabu kingine, kimeandikwa ndani ya mkono wa mpwa wangu, na jina langu limo.

Siku ya pili nilimwendea dada nyumbani. "Shikamoo, dada." "Marahaba." Nikamwambia mambo mawili. La kwanza, tarehe haitageuzwa, kwa maana nikimwandikia 2011 nitakuwa nimefuta miaka ile miwili ambayo yeye aliteseka kwa ajili yangu, kana kwamba haikuwapo. La pili, kuanzia siku ile maziwa ya kijana ni deni langu, nusu lita kila siku, mpaka daktari aseme mifupa imefunga. Dada akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kaa basi, chai iko motoni."

Nilipofika kwangu nikaitazama kadi ya binti yangu mwenyewe, aliyekuwa na miaka miwili. Alama za uzito zilikuwa zimejaa. Mahali pa urefu palikuwa na alama mbili tu. Simlaumu mtu. Mimi na mama yake tulikuwa tumezoea kuuliza kila mara "Ana kilo ngapi?" wala hatukuuliza hata siku moja "Ana sentimita ngapi?"

Basi, wazazi wenzangu, hapo ndipo penye neno langu. Sisi watu wa nyanda za juu twapenda kusema hatuna njaa. Ni kweli, maghala yana mahindi. Lakini uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania nzima watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Na mikoa iliyoongoza ni ile ile yenye chakula kingi: Iringa watoto 57 katika 100, Njombe 50, na jirani zetu wa Rukwa 50. Tumbo lililojaa si sawa na mfupa ulioshiba.

Uzito na urefu havisemi habari moja. Mtoto akishikwa na malaria au kuhara, uzito hupungua wiki ile ile, na akipona hurudi. Urefu haupungui. Husimama tu kimya, na nyumbani hakuna ajuaye, kwa kuwa mtoto mfupi anacheza, anacheka, tena aweza kuwa mnene. Ndiyo sababu urefu ndio mlango wa kuijua mifupa, nao haudai mashine wala umeme.

Pengine mtu atasema, "Ufupi ni asili yetu." Ufupi wa ukoo upo, wala si ugonjwa. Lakini Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto wadogo waliolelewa vizuri katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Vipimo hivyo vilitolewa mwaka 2006. Ikaonekana ya kwamba mtoto mwenye kunyonya vizuri, kula vizuri na kutibiwa, mpaka miaka mitano hukua kwa namna moja, awe wa Accra, awe wa Muscat, awe wa Oslo. Asili huonekana zaidi baadaye. Basi tusiisingizie asili makosa ya chungu.

Jinsi ya kumpima mtoto nyumbani ni hii. Aliye chini ya miaka miwili hupimwa amelala juu ya ubao, na kazi hiyo yahitaji watu wawili, mmoja ashike kichwa na mwingine anyoshe miguu. Huyo ni heri apimwe kliniki. Aliyepita miaka miwili asimame ukutani bila viatu, sakafu iwe sawa. Visigino, matako na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele. Weka kitabu kigumu juu ya kichwa, kikiwa kimekaa sawa na ukuta, tia alama, kisha pima kwa futi ya mafundi. Pima mara mbili. Tena pima saa zile zile za siku, maana jioni mtu huwa mfupi kidogo kuliko asubuhi. Andika tarehe. Mvulana wa miaka miwili kamili asiyefika sentimita 81, au msichana asiyefika 79, apelekwe kliniki bila kuchelewa.

Kwa watoto wakubwa na vijana, kipimo kimoja hakitoshi, lazima viwe viwili au vitatu kwa mwaka, uone kama anapanda. Mtoto wa shule ya msingi huongezeka kama sentimita tano au sita kwa mwaka. Halafu huja mbio za ujana, kwa wasichana yapata miaka 12, kwa wavulana yapata 14. Katika miaka ile michache mfupa hujiwekea akiba kubwa ya madini kuliko wakati wowote, na mtu afikapo miaka 18 amekwisha kuweka karibu yote atakayoitumia hata uzeeni. Wako wataalamu wanaopima akiba hiyo yenyewe kwa mashine maalumu. Huko Lusaka na Harare wamewapima hivyo vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa kuwa mifupa yao yahitaji uangalizi zaidi. Mashine hizo kwetu ni chache. Akiba lakini hujengwa jikoni, siyo kwenye mashine.

Mfupa hujengwa kwa kalsiamu, ambayo ni chokaa yake, na kwa protini, na kwa vitamini D ambayo ngozi hujitengenezea ikipata jua. Jua tunalo, basi watoto wachanga wasifunikwe shuka mchana kutwa. Pungufu letu ni chokaa. Kijana wa miaka 10 hadi 18 ahitaji miligramu 1,300 kwa siku, na glasi moja ya maziwa humpa kama 300. Mahindi yana chokaa kidogo mno, tena pumba zake huizuia kuingia mwilini. Huko Nigeria, nchi ya jua kali, madaktari waliwaona watoto wengi wenye matege na vifundo vilivyovimba. Mwaka 1999 walieleza kwamba watoto hao walipona vizuri zaidi kwa kupewa kalsiamu kuliko kwa vitamini D peke yake. Basi penye matege baada ya miaka miwili au mitatu, tusiseme "atayaacha mwenyewe", tumwone daktari. Na katika chungu tuongeze dagaa waliwao pamoja na mifupa yao, samaki wa Rukwa, maziwa ya ng'ombe au mbuzi, mtindi, mboga za majani, maharage na mayai. Kahawa tuuze, lakini yai moja la wiki lisiende sokoni lote.

Neno moja kwa wanaotaka kuwaongezea binti zao miaka. Nyonga ya msichana huendelea kutanuka hata baada ya yeye kukoma kurefuka. Kalamu yangu yaweza kuandika 18, lakini nyonga haisomi cheti. Siku ya kujifungua ndipo hesabu ya kweli itakapotolewa, na mama mdogo na mtoto wake ndio watakaolipa.

Na neno kwa wanaotaka picha za eksirei ili wajue tu umri. Eksirei ina mionzi, ingawa kwa mkono ni kidogo. Ipigwe daktari akiona haja, si kwa ubishi wa umri. Umri ujulikane kwa kuandikisha mtoto mapema. Tangu mwaka 2013 mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na huku kwetu Songwe, ndio ulioanza ile kazi ya kuwaandikisha walio chini ya miaka mitano karibu na nyumbani. Tusiache mpaka mtoto aombwe cheti.

Mtauliza habari za mpwa wangu. Yule bwana wa vipaji hakurudi. Kijana yumo katika timu ya shule yake, kwa umri wake wa kweli. Nyuma ya mlango wa ofisi yangu kuna mistari ya penseli, na kila mstari una tarehe. Tangu Julai 2024 hata Julai 2025 ameongezeka sentimita 8. Sisemi ni maziwa peke yake. Daktari alituambia kwamba aliyechelewa bado ana njia mbele yake, kwa kuwa mistari ya mifupa iko wazi. Lakini pia alisema si kila kilichopotea utotoni hurudi.

Siku moja kijana alitazama ile mistari akaniuliza, "Mjomba, kwa nini unanipima mimi tu, hujipimi wewe?" Nikamwambia mimi mistari yangu imekwisha kufunga, sasa ni zamu yangu kulipa maziwa. Akacheka, akachukua mpira wake, akaenda zake. Nami nikarudi kwenye kitabu, maana palikuwa na watoto wanne wa Jumapili waliokuwa bado hawajaandikwa.